Meli ya Kitalii au Kisiwa? Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari ya Kumbukumbu ya Ndoa

Wanandoa wengi hukwama palepale. Wanataka kuadhimisha miaka kumi, ishirini au zaidi, wanafungua tovuti na kukuta safari ya meli ya usiku 4, nyingine ya usiku 7, nyingine ya usiku 14, na pembeni hoteli nzuri ya kisiwani. Mwishowe wanachukua ile ambayo bei ikigawanywa kwa usiku inaonekana nafuu. Wakirudi, kauli ni ileile: "Kulikuwa kuzuri, lakini tumechoka," au "Hatukupata hata jioni moja ya kukaa wawili tu."

Tatizo ni kipimo. Usiku ni kipimo cha muuzaji. Kipimo chenu ni saa mlizo huru mkiwa pamoja, yaani mmeamka, hampangi foleni, hamfungi mizigo, na hakuna anayewaharakisha. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya kipimo hicho. Zifuateni kwa mpangilio, maana kila hatua inatumia majibu ya iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Pasi zenu mbili za kusafiria. Hakikisheni zitakuwa na zaidi ya miezi 6 kabla ya kuisha, kuanzia siku ya kurudi. Nchi nyingi na kampuni nyingi za meli hudai hivyo.
- Kalenda moja yenye tarehe ya ndoa na siku za likizo za kila mmoja.
- Ratiba ya meli yenye saa za kufika na kuondoka kila bandari. Ramani yenye mistari ya rangi haitoshi. Muuzaji asipotoa saa hizo, mwombeni kwa maandishi.
- Kiasi cha pesa mlichotenga kwa safari nzima, tangu kutoka nyumbani hadi kurudi.
- Karatasi mbili na kalamu mbili.

## Hatua ya 1: Kila mmoja aandike peke yake

Kaeni mbalimbali kwa dakika kumi na tano. Kila mmoja aandike mambo matano anayotaka kuyafanya safarini, bila kutaja jina la mahali hata moja. Asiandike "Karibi" au "Maldivi". Aandike "kuamka bila saa ya kengele", "kuogelea kila siku", "kuona miji ya kale", "kucheza dansi usiku", "kula taratibu tukitazama bahari".

Sababu ya kukataza majina ni kwamba jina hubeba picha ya mtu mmoja. Mkitaja Ugiriki, mmoja anaona magofu na mwingine anaona ufukwe, halafu wote mnaitikia mkidhani mmekubaliana.

Sasa linganisheni karatasi. Mambo yenu mengi yakiwa ya kutulia mahali pamoja, kisiwa kimeanza kuongoza. Yakiwa ya kuona vingi na kubadilisha mandhari, meli ndiyo inayoongoza. Msikubaliane kwa adabu. Aliyeandika "kulala mchana" akikubali bandari sita ili kumfurahisha mwenzake, uchovu wake utaonekana siku ya tatu.

Mmefaulu hatua hii mkiwa na mambo matatu ambayo nyote mmeyaandika, hata kama ni kwa maneno tofauti.

## Hatua ya 2: Geuzeni usiku kuwa siku halisi

Kwenye meli, siku ya kwanza abiria hupanda mchana na huwa kuna zoezi la usalama ambalo ni lazima kwa kila mtu. Siku ya mwisho mnashushwa asubuhi, na jioni iliyotangulia mara nyingi mabegi makubwa yanatakiwa yawe nje ya mlango wa chumba. Kwa hiyo usiku 3 ni siku 2 kamili. Usiku 4 ni siku 3. Usiku 7 ni siku 6.

Kisiwani hesabu inafanana, ila inategemea zaidi saa ya ndege. Mkitua jioni na kuondoka alfajiri, usiku 5 ni siku 4.

Kisha toeni siku za uchovu. Mkivuka majira matano au zaidi ya saa, siku ya kwanza na pengine ya pili mtakuwa mnasinzia mezani. Safari fupi ya meli ndiyo inayoumia zaidi hapa, kwa sababu mwili unazoea siku ileile mnayofunga mabegi.

Tahadhari: Fikeni mji wa bandari siku moja kabla ya meli kuondoka. Ndege ikichelewa, hoteli itawasubiri lakini meli haisubiri. Siku hiyo iingizeni kwenye hesabu ya likizo na ya pesa tangu mwanzo.

## Hatua ya 3: Someni ratiba kwa saa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo msiharakishe.

Chukueni Santorini, kisiwa cha Ugiriki ambacho karibu kila mtu anakitaja akipanga safari ya wawili. Tuseme ratiba inasema meli inafika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Kwenye karatasi ni saa 10.

Lakini meli kubwa haifungi gati Santorini. Inasimama katikati ya ghuba yenye kina kirefu, na abiria wanashushwa kwa boti hadi bandari ya zamani iliyo chini ya mwamba mrefu uliosimama wima. Mji wa Fira uko juu. Mnapanda kwa gari la kamba (linaloning'inia kwenye waya), au kwa ngazi zipatazo 600 mkipishana na punda. Meli mbili tatu zikiwa ghubani siku moja, foleni ya gari la kamba inakuwa ndefu kupanda na kushuka. Toeni saa moja ya kusubiri boti, nyingine ya kufika juu, nyingine ya kushuka, kisha kumbukeni kwamba boti ya mwisho inaondoka kabla ya meli. Mnabaki na saa kama 6. Oia, kile kijiji cha picha za machweo, kiko ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwa hiyo kwenda na kurudi Fira kunakula saa nyingine.

Na machweo yenyewe? Mwanzoni mwa Julai jua la Santorini linazama karibu saa 2 na nusu usiku. Meli iliyoondoka saa 11 jioni imeshawachukua zaidi ya saa tatu kabla. Kama jambo mlilokubaliana kwenye Hatua ya 1 ni kukaa pamoja mkitazama jua likizama Santorini, ratiba hiyo haiwezi kuwapa. Usiku 2 kisiwani unaweza.

Kwa kila bandari kwenye ratiba, jibuni haya:

1. Meli inafunga gati au inatumia boti? Pamoja na Santorini, Grand Cayman na Belize City nazo hutumia boti. Bahari ikichafuka, bandari za boti ndizo za kwanza kufutwa.
2. Bandari iko umbali gani na mahali palipotajwa? Ratiba ikisema "Roma", meli inafika Civitavecchia, na kutoka hapo mna safari ya zaidi ya kilomita 60. "Florence" ni Livorno, zaidi ya saa moja kwa gari. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Venice" kwa meli kubwa huenda ikawa Ravenna au Trieste, kwa sababu tangu Agosti 2021 meli kubwa hazipiti tena mfereji wa Giudecca mbele ya mji.
3. Mwisho wa kurudi melini ni saa ngapi? Kwa kawaida ni nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Ulizeni pia kama meli inafuata saa ya kisiwa au saa yake yenyewe, maana mara nyingine zinapishana.
4. Kuna bandari ambapo meli inalala au inakaa hadi usiku wa manane? Hizi ni za thamani kubwa kwa wawili. Ziwekeeni nyota.

Jumlisheni saa halisi za nchi kavu kwa safari nzima. Mkipata jumla hiyo, mmeshaijua safari yenu kuliko kijitabu cha matangazo.

Siku za baharini zihesabuni kando. Kwa wapenda kupumzika, siku ambayo meli haifiki popote ni siku huru kabisa, na binafsi naiona kuwa bora kuliko bandari ya nne mfululizo. Kwa asiyeweza kukaa mahali pamoja nusu saa, ni kifungo.

## Hatua ya 4: Chagueni urefu wa safari ya meli

Usiku 3 hadi 4. Unafaa wanaoishi karibu na bandari ya kuondokea, au wasiowahi kupanda meli na wanataka kujaribu. Safari za Bahamas kutoka Miami au Port Canaveral, bandari za Florida, ni za aina hii. Meli za safari fupi huwa na kelele na sherehe, hasa zinazoangukia wikendi. Kama kufika bandarini kunawachukua siku nzima ya ndege, msiuchague urefu huu. Mtasafiri siku nyingi kuliko mtakazokaa.

Usiku 7. Kwa wanandoa wengi hapa ndipo uwiano unapokaa sawa. Siku ya pili bado mnapotea kwenye korido, siku ya nne mhudumu anajua mnakunywa nini asubuhi, na bado zinabaki siku mbili za kulifurahia hilo. Safari nyingi za Karibi za usiku 7 zina bandari tatu au nne na siku mbili au tatu za baharini. Za Mediterania huwa na bandari karibu kila siku, hivyo zinachosha zaidi ingawa idadi ya usiku ni ileile. Msizilinganishe kana kwamba ni kitu kimoja.

Usiku 10 hadi 15. Kabla ya kulipa, hesabuni siku za baharini. Safari ya kwenda Hawaii na kurudi kutoka Kalifornia huchukua kama wiki mbili, na zipo siku 4 hadi 5 za maji matupu kila upande. Wanaotaka visiwa vyenyewe wanaweza kuruka hadi Honolulu na kupanda meli ya Pride of America, inayozunguka visiwa hivyo kwa usiku 7 na kulala bandarini Maui na Kauai. Msitegemee kuhama visiwa vya Hawaii kwa feri: kati ya visiwa vikubwa, watu husafiri kwa ndege.

Ishara ya kufaulu: mnaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini mmechukua usiku 7 na si 10, bila kutaja bei.

## Hatua ya 5: Pimeni kisiwa kwa kipimo kilekile

Kisiwani hakuna foleni ya boti kila asubuhi, lakini kuna safari ya kufika. Hiyo ndiyo inayosahaulika.

Maldivi, hoteli nyingi zimekaa kila moja kwenye kisiwa chake, na za mbali hufikiwa kwa ndege ya kutua majini. Ndege hizo huruka mchana tu. Mkitua uwanja mkuu jioni, mtalala karibu na Malé na kuvuka kesho yake, wakati usiku wa kwanza wa hoteli ya kifahari pengine mmeshaulipia. Kabla ya kukata tiketi ya ndege kubwa, ulizeni hoteli mwisho wa kuunganisha ni saa ngapi.

Bora Bora mnaruka kwanza hadi Tahiti, kisha ndege ndogo, kisha boti, kwa sababu uwanja uko kwenye kisiwa kidogo pembeni ya wangwa. Mkiwa na siku 4 jumla, hiyo si safari ya kuchagua.

Kuhama hoteli kunakula nusu siku, hata visiwa vikiwa jirani: kufunga mizigo asubuhi, kusubiri feri, kufika kabla chumba hakijawa tayari. Chini ya usiku 5, kaeni kisiwa kimoja. Kuanzia usiku 7 mnaweza kugawa viwili. Ushelisheli inafaa sana kwa mgawanyo huu, kwa sababu feri ya Mahé hadi Praslin ni kama saa moja, na kutoka Praslin hadi La Digue ni muda mfupi zaidi.

Tahadhari: Kisiwa kidogo chenye hoteli moja kina mikahawa ya hoteli hiyo tu. Kama mmoja wenu huchoka upesi na mandhari yaleyale, usiku 4 hadi 5 unatosha. Baada ya hapo hamisheni siku zilizobaki mahali penye mji.

## Hatua ya 6: Fikirieni kuchanganya

Karatasi zenu za Hatua ya 1 zikigawanyika nusu kwa nusu, msilazimishe upande mmoja. Chukueni meli kwanza, kisiwa baadaye. Meli ina tarehe isiyosogea na asubuhi zenye ratiba. Ikitangulia, siku za kisiwani zinakuwa za kupumua. Mkianza na kisiwa, siku ya mwisho mnaanza kuhesabu saa za kuwahi bandari.

Kwa mfano, mkiwa na siku 13: siku moja ya kufika Piraeus, bandari ya Athens, usiku 7 wa meli, kisha usiku 3 kwenye kisiwa kimoja kinachofikika kwa feri kutoka Piraeus. Acheni nafasi ya angalau usiku mmoja bara kabla ya ndege ya kurudi, maana upepo ukizidi feri husimamishwa.

## Hatua ya 7: Kagueni msimu

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni Agosti hadi Oktoba. Katika miezi hiyo meli ina nafuu moja: inaweza kukwepa. Mtafika bandari nyingine kuliko mliyolipia, lakini mtakuwa salama. Hoteli haihami. Wanaopenda kukaa kisiwani kipindi hicho waangalie Aruba, Bonaire na Curaçao, ambako vimbunga hupita kwa nadra.

Bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki, hupigwa na upepo mkali wa meltemi Julai na Agosti. Maldivi huwa kavu zaidi kati ya Desemba na Aprili. Ushelisheli, kusi ikivuma katikati ya mwaka, mawimbi hupanda na feri huyumba. Vipindi vya kupokezana na kaskazi, Aprili na kama Oktoba au Novemba, bahari hutulia.

Tarehe ya ndoa ikiangukia msimu mbaya, ahirisheni safari miezi miwili. Bahari tulivu ni zawadi kubwa kuliko tarehe kamili.

## Hatua ya 8: Hesabu ya pesa, yote

Kwa meli ongezeni: bakshishi ya kila siku kwa kila mtu, vinywaji, intaneti, matembezi ya bandarini, mikahawa ya kulipia, hoteli ya usiku wa kabla, na usafiri wa bandarini. Kwa kisiwa ongezeni: boti au ndege ndogo, milo isiyomo kwenye bei, kodi za hoteli na ada za huduma. Ndege ya majini peke yake yaweza kubadilisha hesabu nzima.

Kisha gawanyeni jumla kwa saa zenu huru, si kwa usiku. Mara nyingi safari iliyoonekana ghali inashuka, na ile ya bandari sita inapanda.

## Hatua ya 9: Viza kabla ya malipo

Meli inayoanzia Piraeus, ikaingia Kuşadası nchini Uturuki na kurudi Ugiriki, imewatoa eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kuwarudisha. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Vivyo hivyo, safari ya Karibi inayoanzia Miami na kurudi Miami inawataka wanaohitaji viza wawe na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja. Andikeni kila nchi kwenye ratiba, hata ile ambayo hamkusudii kushuka, na muulize kampuni ya meli kwa maandishi. Abiria aliyekosa viza moja anaweza kuzuiwa kupanda kabisa, na pesa hairudi.

Bima ya safari inunueni siku mnayolipa amana. Iwe na kipengele cha kukosa kuondoka na cha kusafirishwa mkiugua.

## Hatua ya 10: Chumba, na siku yenyewe

Melini, chagueni chumba cha katikati kwenye sitaha (ghorofa za meli) za chini kama mmoja wenu hupata kichefuchefu. Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, huinuka na kushuka zaidi, na tezi, sehemu ya nyuma, hutetemeka. Angalieni mchoro wa sitaha: juu na chini yenu viwepo vyumba vya kulala, visiwe bwawa, jukwaa wala jiko. Kaeni mbali na omo kama kuna bandari za boti, kwa sababu mnyororo wa nanga huwaamsha watu alfajiri. Thibitisheni kwamba vitanda viwili vitaunganishwa kuwa kimoja. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla hali haijaanza, kwa hiyo mwoneni mfamasia nyumbani.

Roshani inafaa gharama yake kwenye safari yenye siku nyingi za baharini. Kwenye safari ya bandari kila siku, mtailipia na kuikuta tupu.

Sasa wekeni tarehe ya ndoa kwenye ratiba. Ikiangukia bandarini, msiitundike hapo. Mikataba ya meli inaruhusu nahodha kuruka bandari kwa sababu ya upepo, na mnachorudishiwa kwa kawaida ni ada ya bandari peke yake. Siku salama ni ya baharini, au siku ya pili au ya tatu kisiwani, mizigo ikiwa imefunguliwa na usingizi umerudi. Agizeni meza ya wawili mapema, maana kwenye ukumbi mkuu abiria hupangwa pamoja na wengine wasipoomba. Waambieni meli au hoteli tarehe yenu wiki kadhaa kabla, kisha mkumbushe mkifika.

Siku hiyo isiwe na matembezi ya kulipia wala saa ya kuamka. Ikiwa kwenye kalenda yenu imebaki tupu kutoka asubuhi hadi chakula cha jioni, lipeni amana.